Mkanda wa Kifua

Nilishona mkanda wake wa kwanza
kwa utepe uliobaki kwenye mabegi ya shule.
Orysia alinijia ghorofa ya tatu
mgongoni mwa Kocha Panas,
maana lifti ya jengo letu ilikufa kabla ya mume wangu.
Akasema: Mama Hafiya, nibane hapa,
akagusa chini ya maziwa,
hapa, mahali ninapoishia.

Nikampima. Sentimita themanini na nne.
Nywele zake bado zilinuka grisi ya kiwanda cha mabomba
alikoendesha winchi miaka minne,
mpaka ile asubuhi ya Februari,
ngazi ina barafu,
na mita sita za hewa.
Hakusimulia zaidi, nami sikumchokonoa.
Fundi hupima kilicholetwa mezani.

Sikujua kitu kuhusu makasia.
Panas ndiye aliyenieleza, majivu ya sigara yake
yakidondokea shela ya bibi harusi wa watu:
wengine husukuma kwa miguu, kiti kikateleza;
chake hakitelezi. Ni mabega na mikono, basi.
Mkanda ukilegea, atakunjika kama shati lililochomoka msumarini.
Ukikaza mno, hatapumua.
Kati ya kulegea na kukaza
ndipo tulipoishi sisi wawili, miaka tisa.

Niliharibu kumi na moja.
Wa tatu ulimchubua, asihisi,
hata nilipoona doa kwenye fulana.
Nililia mimi. Yeye aliuliza kama kuna chai.

Mashindano ya kwanza alikuwa wa mwisho,
nyuma hata ya boti ya waamuzi,
boya moja limeingia maji.
Akanipigia simu: Mama, mkanda umeshika!
Ya pili alikuwa wa tano. Halafu nikaacha kuhesabu,
hadi siku jirani alipogonga ukuta kwa mwiko:
washa televisheni, wewe!
Nikawasha. Picha ikachelewa kuja.
Nikamkuta amekwisha kushinda, kichwa kimeinama,
na macho yangu, Mungu anisamehe,
yakatafuta mshono.
Ulikuwa umenyooka.

Dhahabu ile tuliitia kwenye kopo la vifungo.
Yeye ndiye aliyetaka.
Ikawa inagonga kila nitafutapo kifungo cheupe.

Kisha vita. Cherehani ile ile, utepe ule ule:
machela, machela, machela,
na fulana za wanaobeba chuma kifuani.
Orysia alifanya mazoezi koridoni kwake, juu ya mashine,
king'ora kikilia, mnyororo ukivuma,
kwa kuwa ngazi za handaki hazijui magurudumu.
Alipiga kilomita mia mbili
bila kuupita mlango wa choo.

Juni bwawa likapasuka.
Maji yakatuondokea hapa Nikopol kwa siku chache tu,
samaki wakabaki midomo wazi,
na gati la klabu likasimama juu ya tope kwa miguu yake myembamba,
ambayo hatukuwahi kuiona.
Maji yakimwagika hayazoleki, najua.
Sikujua kwamba yanaweza kumwagika yote.

Akaenda ughaibuni, kwenye maji ya kuazima.
Akapata fedha, nyuma ya msichana wa Kinorwei, sekunde moja.
Waandishi wakamuuliza anamshukuru nani.
Akasema: fundi wangu.
Wakaandika: mhandisi.

Sasa mierebi imeota ilipokuwa njia yake,
mirefu kumzidi Panas, angekuwa hai.
Jumapili hakukulia king'ora, nikamsukuma hadi gatini.
Akaniomba nigeuze kiti, aupe mgongo msitu,
kama akaavyo mashuani.
Akatoa mkanda begini. Nikamfunga,
vidole vyangu siku hizi vinatetemeka,
tundu la nne, halafu akasema la tano,
akaanza kuvuta hewa.

Nilisimama kando, koti lake mkononi, nikihesabu mivuto,
na kila hesabu iliponipotea
nilianza tena moja,
naye hakusema kitu.